Sufuria Niliyoifuta

Mlionifuata tangu mwanzo mtakumbuka tuliachana nikiwa juu ya ngazi ya mafundi, kibao kipya mkono mmoja, simu mkono mwingine, na muuguzi ananiambia, "Dada, shuka. Kuna mama ameanguka huku chini, anasema wewe ni mwanawe."

Aliyeanza kunisoma leo nimpe kwa kifupi. Mimi ni mbunifu wa michoro katika hospitali kubwa ya serikali. Nilipewa kazi ya kuibadilisha sura yote: nembo, rangi za kuta, vibao vya milangoni, sare, hadi karatasi za barua. Nikaibadilisha. Mgeni rasmi akaja, akakata utepe, akapigiwa makofi. Na mimi nikapigiwa yangu, nikayapokea kwa meno yote nje. Siku tisa baadaye ndiyo hiyo simu.

Nilishuka mbio, kibao nikakiacha kikining'inia kwa skrubu moja.

Aliyeanguka ni Mama Mkubwa, dada wa marehemu mama yangu. Ndiye aliyenilea. Amefua nguo za watu mpaka vidole vikapinda, ili mimi nikasomee kuchora. Yeye mwenyewe hajui kusoma hata herufi moja. Kuhesabu anajua, mwongo anamjua akiwa bado mlangoni, ila herufi hapana.

Nilimkuta kwenye kitanda cha magurudumu, mguu wa kulia umegeukia upande usio wake.

"Mama!"

"Punguza sauti, watu wanaumwa humu."

"Umeangukaje?"

"Kama watu wanavyoanguka. Chini."

"Mama, acha masihara. Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Si kliniki yangu ya presha! Nimezunguka, mwanangu, saa nzima. Natafuta sufuria, sufuria hakuna. Nikaona mlango, nikasukuma, kumbe ngazi."

Zilikuwa ngazi za kushukia stoo ya vitanda vibovu. Nilijua kabla hajasema. Nimejuaje, nitawaambia, ila nipeni nafasi nivute pumzi kwanza, maana hilo ndilo lililonifanya nianze kuandika mambo haya gazetini.

Tuanze na sufuria.

Miaka thelathini na moja iliyopita hospitali ilimwajiri fundi rangi mmoja. Watu wote humwita Mzee Brashi. Aliona wagonjwa wengi hawasomi, basi juu ya kila mlango akachora kitu. Kliniki ya presha ikapata sufuria inayochemka, kifuniko kinarukaruka. Watoto, kuku na vifaranga. Wazazi, mwavuli. Chumba cha picha za mifupa kikapata samaki aliyeliwa akabaki miiba. Halafu sakafuni, kutoka getini, akachora vile vile, vidogo vidogo, mpaka mlangoni. Unafuata sufuria zako, unafika.

Mji mzima ulizungumza hivyo. "Shemeji kalazwa wapi?" "Mwavuli, kajifungua wa kiume." Hakuna aliyecheka. Isipokuwa sisi tuliokwenda chuo.

Chuoni mwalimu alionyesha picha ya ukumbi wa hospitali yetu kama mfano wa mambo ya kizamani. Darasa zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka nao. Sikusema kwamba mwenye michoro ile ndiye aliyenifundisha kushika brashi. Nilikuwa na miaka kumi na sita, Mama Mkubwa alinipeleka kwake wakati wa likizo nisizurure. Akanipa jina la Rula, kwa sababu kila kitu nilitaka kukipima.

Basi nilipopata kazi hii nilifuta. Jumamosi mbili tu. Kuku wakaondoka, samaki akaondoka. Sufuria ilikuwa nyeusi, ikawa inachungulia chini ya rangi nyeupe, nikaiongeza mkono wa tatu. Mahali pake nikaweka maandishi membamba ya kijivu, Kliniki ya Magonjwa Sugu, na alama ya kisasa: duara lenye nukta tatu. Macho, duara lenye nukta mbili. Wazazi, nukta moja.

Mzee Brashi aliniuliza jambo moja tu, kuhusu nembo mpya.

"Hili jani ni la nini?"

"La uhai, mzee."

"Aa. Mbuzi atalielewa."

Nilichukia wiki nzima.

Sasa turudi kitandani kwa mama yangu.

"Mama, kwa nini hukuuliza? Wauguzi wamejaa, walinzi wamejaa. Kwa nini hukuuliza tu njia?"

Akageuza uso ukutani.

"Ningeulizaje? Pale benchini nimewaambia wanawake wote kwamba aliyeipamba hospitali hii ni mwanangu. Nimewaonyesha kuta. Halafu niinuke nianze kuuliza, presha ni wapi? Ningekuaibisha."

Nilitamani anitukane, kwa kuwa matusi yake nayajua na yanapita. Alichofanya ni kunipapasa mkono.

"Umepamba vizuri lakini," akasema. "Pameng'aa. Kosa ni la macho yangu."

Daktari alinivuta pembeni. Nyonga imevunjika, atapasuliwa, na kwa umri wake hawezi kuniahidi kwamba atatembea tena. Alisema mengine pia, sikuyasikia.

Mkuu wa Wauguzi ndiye aliyenipa habari ya pili. Ni mwanamke mnene, hana haraka, mdomo wake haujui kuzunguka.

"Pole kwa mama. Mkurugenzi ameitisha kikao kesho saa nne. Huyu wa kwako ni wa tatu kupotea ndani ya siku tisa, na sasa amevunjika, lazima apatikane wa kujibu."

"Nani anajibu?"

"Aliyesaini Fomu ya Matembezi. Mzee Brashi."

"Wanamfanyaje?"

"Kama fomu ni ya kughushi, anafukuzwa. Na wewe unajua kanuni, anayefukuzwa kwa kughushi haondoki na kitu. Miezi minne kabla ya kustaafu, masikini ya Mungu."

Akaondoka na viatu vyake vya mpira, nikabaki nimeshika ukuta mweupe nilioupaka mwenyewe.

Fomu ya Matembezi ni karatasi moja tu. Kabla vibao vipya havijakabidhiwa, unawachukua watu kumi kutoka nje, watano kati yao wasiojua kusoma. Unawasimamisha getini, unamwambia kila mmoja aende chumba fulani, na hakuna kumsaidia. Akifika, anabonyeza dole gumba kwenye fomu. Msimamizi wa mafundi, ambaye sasa ni Mzee Brashi, anasaini chini. Ni kanuni ya zamani, na ni kanuni nzuri.

Jumamosi ya matembezi Mzee Brashi alikuwa amefiwa na kaka yake. Jumatatu alirudi, mkurugenzi akawa anapiga simu kuidai fomu, mgeni rasmi anakuja Jumanne. Nilimpelekea mzee karatasi tupu pale stoo ya rangi.

"Mmeshatembea?" akaniuliza.

"Tumeshatembea, mzee. Wote kumi. Fomu ya kwanza imemwagikiwa rangi, jioni nawaita wabonyeze upya humu. Saini tu hapa chini."

Akanitazama kidogo. Akasaini.

Jioni nilijifungia ofisini na pedi ya wino. Nikaanza na kidole kidogo cha mkono wa kushoto, nikaja hivyo hivyo mpaka kidole kidogo cha kulia. Vidole kumi, watu kumi. Nikavibonyeza vingine kwa ubavu ili vionekane vinene. Nikaandika majina ya kubuni. Nilicheka peke yangu nilipofika jina la nane, kwa sababu lilikuwa zuri mno.

Nitukaneni, haki yenu. Lakini bado sijawaambia baya lenyewe.

Wiki zote hizi nimewaandikia kwamba matembezi hayakufanyika kwa sababu muda ulibana. Wengine mmenitumia barua za kunionea huruma. Ni uongo. Muda ulikuwepo. Na matembezi yalianza.

Jumamosi ile nilimchukua mama mmoja aliyekuwa anasubiri gari nje ya geti. Hasomi. Nikamwambia, "Mama, nenda kliniki ya presha, fuata vibao." Nikamfuata nyuma na kalamu yangu, moyoni najua nimeshafaulu.

Alisimama mbele ya duara la kwanza. Akasimama mbele ya la pili. Akaingia chumba cha kufulia mashuka, akaomba radhi, akatoka. Kisha akaona mlango, akausukuma. Nilimshika gauni akiwa ameshaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza ya stoo ya vitanda.

Ngazi zile zile.

Yule mama akashusha pumzi, akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, turudishie sufuria yetu."

Nikamshukuru, nikamsindikiza getini. Sikumwita mtu wa pili. Sikuwa nimekosa muda, wala mgeni rasmi hakunishika mkono. Niliogopa jibu. Nilikuwa nimeshalipata kwa mtu mmoja na sikutaka kulisikia mara tisa zaidi.

Nilichoweza kufanya ni kuufunga ule mlango kwa kufuli. Sikuufunga. Nilisema nitaufunga kesho.

Sasa mnajua. Mama yangu ameanguka mahali nilipomshika mama wa mwenzangu.

Mchana ule nilikwenda stoo ya rangi. Nilipiga moyo konde njia nzima. Nitamwambia. Nikifika tu, kabla ya salamu, nitamwambia.

Mzee Brashi alikuwa ameketi juu ya debe, analoweka brashi. Mikono yake imeliwa na dawa za kusafishia rangi, ngozi imekuwa laini na inang'aa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Rula. Mama anaendeleaje?"

"Nyonga."

Akatikisa kichwa. Mama Mkubwa na yeye wanafahamiana miaka mingi. Kila akija kliniki alikuwa anapitia stoo kumwambia sufuria yake inapauka, aipake upya. Na alikuwa anaipaka.

"Mzee, kuhusu ile fomu..."

Akainua brashi, akanizuia nayo.

"Ngoja. Ulinambia mmetembea."

"Nilikwambia, lakini..."

"Rula. Sikiliza kabla hujasema. Kama kuna neno umekuja nalo, ujue nikishalisikia siwezi kusema sikulisikia. Kesho naulizwa. Mimi uongo siuwezi, napata kigugumizi. Kwa hiyo fikiri. Ukitaka kusema, sema pale mezani, mbele yao. Humu ndani usiniachie mzigo."

Alinipa mlango wa kutokea, na mnajua nilipita upi.

"Nilitaka tu kukupa pole," nikasema.

"Nimepoa," akajibu, akarudi kwenye brashi zake.

Nilifika nje nikajichukia kiasi cha kutema mate.

Kikao kikaanza saa nne kamili. Chumba cha mikutano nimekipamba mimi mwenyewe: ukuta wa bluu, jani kubwa la fedha, viti vya kijivu. Waliokuwepo ni Mkurugenzi, mwanasheria wa hospitali, Mkuu wa Wauguzi, Mzee Brashi, na mimi. Mimi nilikuwa pale kuandika muhtasari. Ndiyo kazi niliyopewa, kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri.

Mkurugenzi ni mwanamke nadhifu, anaongea kama anayesoma kitu kilichokwisha pigwa chapa. Nilikaa kushoto kwake, kalamu mkononi. Mzee alikaa mbele yetu amevaa suti ya msibani, ile ile aliyomzikia kaka yake.

"Mzee, saini hii ni yako?" mwanasheria akauliza.

"Yangu."

"Uliwatembeza watu kumi?"

Niliandika swali, nikasubiri jibu, na wino wa kalamu ukawa unavujia karatasini mahali nilipoikandamiza.

Alichotakiwa kusema ni sentensi moja. Rula aliniambia walishatembea. Maneno matatu, na yote ya kweli. Nilimwomba Mungu aseme. Naapa kwenu nilimwomba aseme, ili nisilazimike kusema mimi.

"Nipe niione hiyo fomu," mzee akasema.

Akavaa miwani. Ni ile ya kufungwa na uzi wa kiatu upande mmoja. Akaanza alama ya kwanza, akaja ya pili, kidole chake kinapita chini yake. Akafika ya saba. Kidole kikasimama.

Alama ya saba ni kidole changu cha shahada cha mkono wa kulia. Katikati yake kuna mstari mweupe unaoikata. Nilijikata kwa wembe nikiwa na miaka kumi na sita, nakata karatasi ya kuchorea vifaranga. Mzee Brashi ndiye aliyenifunga kidonda kwa gundi ya karatasi, akaniambia hicho ndicho cheti changu cha kwanza.

Akainua macho akanitazama. Hakukunja uso. Ilikuwa afadhali angeukunja.

Akavua miwani, akaiweka juu ya meza.

"Hawakuwepo watu kumi," akasema. "Alama ni zangu. Nimebonyeza mwenyewe."

Na hakupata kigugumizi hata kidogo.

Mkuu wa Wauguzi akaguna. "Wewe Brashi? Wewe?"

"Mimi. Nilifiwa, nikachoka, nikaona nimalize."

Mwanasheria hakuwa mjinga. Akafungua mkoba akatoa pedi ya wino na karatasi.

"Tuhakikishe. Vidole hapa, mzee."

Mzee akachovya dole gumba, akabonyeza. Akachovya la pili. Sote tukainama kutazama. Madoa matupu. Hakuna mstari hata mmoja. Miaka thelathini na moja ya dawa za rangi ilikuwa imemfuta vidole vyote.

"Mzee," mwanasheria akasema, "alama za fomu zina mistari. Zako hazina."

"Siku ile zilikuwa nazo."

Mkuu wa Wauguzi alicheka bila kupenda, akajifunika mdomo.

"Unamficha nani?" mwanasheria akauliza.

"Nimeshakiri, mwanangu. Mtu akikiri mnamshukuru, hamumbishii." Kisha akanigeukia mimi. "Andika, Rula. Andika kama nilivyosema."

Kalamu ikawa nzito. Niliandika "Fundi amekiri", nikakwama hapo. Nilimwona Mama Mkubwa kitandani akisema kosa ni la macho yake. Na huyu naye anasema kosa ni lake. Watu wawili walionilea wamegawana dhambi yangu, na mimi mwenyewe nimekaa nimebeba kalamu.

Nikaiweka chini. Pedi ya wino ilikuwa bado iko wazi mbele yangu. Nikachovya kidole cha shahada, nikakibonyeza kwenye muhtasari, pembeni ya yale maneno mawili. Kikatoka kizuri, na mstari wake mweupe katikati. Nikaisukuma karatasi taratibu mpaka mbele ya Mkurugenzi, nikaiweka fomu kando yake.

Aliangalia moja. Akaangalia nyingine. Wengine walikuwa wanabishana na mzee, hawakuona.

Nilihisi wepesi. Nitawaambia ukweli, nilihisi wepesi wa ajabu, kama mtu aliyetapika. Nikasema moyoni, limekwisha.

Mkurugenzi akaifunika karatasi yangu kwa kiganja.

"Tupumzike dakika kumi," akasema. "Tokeni wote. Wewe baki."

Walitoka. Mzee alitoka wa mwisho, mgongo umeinama ndani ya ile suti, hakugeuka. Mlango ukafungwa.

"Ni wewe," Mkurugenzi akasema.

"Ni mimi."

"Wote kumi?"

"Vidole vyote kumi. Na kuna mama mmoja nilimtembeza akapotea, nikamficha. Alikaribia kuanguka pale pale. Nilijua, Mkurugenzi. Nilijua tangu Jumamosi ile."

Nilitegemea apige meza. Akatoa kitambaa cha karatasi mkobani, akanipa nifute macho. Sikujua kama nalia.

"Sasa nisikilize kwa makini," akasema. "Barua imekuja jana. Hospitali nyingine nne zinataka sura hii hii. Wewe ndiye utakayesimamia, kwa cheo kipya. Nilikuwa nikutangazie leo."

"Lakini mzee..."

"Mzee amekiri mwenyewe mbele ya mashahidi wawili. Sikumlazimisha. Wewe hukumlazimisha."

"Ataondoka mikono mitupu."

"Nitaomba wamfikirie."

"Watamfikiria?"

Aliikunja karatasi yenye kidole changu mara mbili, akaichana, akaichana tena, akaitia vipande mkobani.

"Na mama yako," akasema, sasa kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. "Upasuaji ule una foleni ya miezi mitatu. Daktari bingwa atamfanyia Alhamisi, nikimpigia simu mimi. Kwa umri wake, miezi mitatu kitandani unajua maana yake. Mfanyakazi wangu bora nitampigania. Aliyeghushi siwezi kumpigania, hata nikitaka."

Akanisukumia karatasi nyingine, nyeupe, yenye jani letu la fedha juu yake.

"Andika muhtasari upya. Mfupi. Kosa, jina, adhabu inayopendekezwa."

Najua wengi wenu hapo mlipo mnasema, mimi ningekataa. Huenda. Mimi nilimwona Mama Mkubwa amelala chali miezi mitatu, anawasimulia wagonjwa wenzake habari za kuta zangu. Nikamwona mzee na lile debe lake. Nikajaribu kuwapima wawili hao, mimi Rula ninayepima kila kitu.

Nikaishika kalamu.

Niliandika tarehe. Niliandika saa ya kikao. Kidole changu kilikuwa bado kina wino, na kila nilipoigusa ile karatasi nyeupe kikaacha alama, hapa moja, pale moja, nami nikawa nazifuta kwa kiganja na zinazidi kuenea. Nikaandika "Kosa", nikaweka nukta mbili. Nikaandika "Jina".

Mlango ukafunguliwa bila kubishwa hodi.

"Samahani," Mzee Brashi akasema. "Nimesahau miwani."

Ilikuwa pale mezani, karibu na kiwiko changu. Mzee alizunguka meza polepole, akaichukua, akaifuta kwa tai. Akaivaa, akauvuta ule uzi nyuma ya sikio, kisha akainama juu ya bega langu asome ninachoandika.